Juu ya Piano ya Bi Fusae

Fundi Nukui alikuwa na sharti moja, na alilitaja kila alipopiga simu kuthibitisha siku, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la stesheni ya treni.

"Naomba juu ya piano pawe patupu. Mimi vitu vya watu sigusi."

"Patupu kabisa, fundi?"

"Kabisa, mama. Kile kifuniko cha juu lazima nikifungue ndipo nifikie nyuzi. Nikikuta kitu juu yake, nasimama, nangoja kitolewe."

Satsuki Takagaki alisema hakuna shida, akashukuru mara tatu, akainamisha kichwa kama vile fundi anamwona, akakata simu. Kisha akageuka kuitazama piano.

Kulikuwa na saa ya mezani iliyokwisha betri. Kulikuwa na kinyago chekundu cha bahati, jicho moja limepakwa wino na la pili bado linaingoja hiyo bahati. Vikombe viwili vya binti yake Chinatsu vya mashindano ya kuogelea. Mifuko ya karatasi ya dawa za presha za baba mkwe wake, mingine ya tangu mwaka juzi. Chaja ya simu ambayo simu yenyewe haikuwepo tena duniani. Bili, risiti, na chungwa la sadaka lililobadilishwa kila Jumatatu. Kulikuwa na kadi mbili za posta za fundi Nukui mwenyewe, ya mwaka jana na ya mwaka huu, zote zikimkumbusha Bi Fusae kwamba piano yake imefika wakati wa kurekebishwa sauti. Na katikati ya vyote hivyo alikuwepo Bi Fusae: picha yake katika fremu nyeusi, na nyuma ya picha, sanduku la mraba lililovikwa hariri nyeupe, ndani yake chungu chenye mifupa yake iliyobaki baada ya kuchomwa.

Aliwekwa pale kwa wiki moja. Ndivyo ilivyosemwa siku ya arobaini na tisa, siku ambayo wafu wa watu wengine hupelekwa kaburini. Wiki moja tu, mvua ipungue. Mzee Tokuji, mumewe, alisema njia ya kwenda hekaluni ni ya mlima na Juni inateleza. Julai akasema joto. Septemba akasema tufani. Desemba akauliza nani mwenye akili anamzika mtu kwenye baridi, na Machi akasema magoti yake hayapandi ngazi. Misimu ikazunguka mara mbili, ikarudi Juni, na mvua ikawa mpya tena. Wakati huo wote, kwa kuwa kitu kimoja kikikaa mahali huita mwenzake, picha iliita chungwa, chungwa likaita saa, saa ikaita dawa, na piano ikageuka kabati bila mtu yeyote kuamua iwe kabati.

Mwaka Mpya, Hiroaki, mwana wao wa pekee na mume wa Satsuki, alijaribu. Alingoja mpaka baba yake ameshiba.

"Baba, nafikiri Mama tumpeleke sasa."

"Siku mtakayomgusa," Mzee Tokuji alisema, bila kupandisha sauti, "naondoka naye. Mtabaki na nafasi yenu."

Tangu siku hiyo alifunga chumba chake kwa ufunguo kila alipotoka, na ufunguo akaondoka nao.

*

Kilichomfanya Satsuki apige simu kwa fundi ni karatasi ndogo ya mwalimu wa piano.

Chinatsu alikuwa na miaka kumi na moja, na Julai angepiga kwenye onyesho la wanafunzi. Mwalimu aliandika: *Mtoto ana bidii sana. Ila naona sikio lake limezoea sauti nyingine. Je, chombo cha nyumbani kinatunzwa?* Aliandika kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Satsuki kuliko tusi. Tena karatasi haikukunjwa. Mama Eguchi wa ghorofa ya pili, ambaye binti yake husoma piano saa ileile na Chinatsu, aliisoma kabla ya Satsuki mwenyewe.

"Mlete awe anafanyia mazoezi kwetu," alisema mbele ya akina mama wengine watatu. "Ya kwetu mpya, hata haijachoka. Jamani majirani si ndiyo hivi?"

Satsuki alicheka pamoja nao mpaka mashavu yakamuuma. Usiku ule hakula.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Alimweleza Hiroaki asubuhi, wakati akifunga kamba za viatu kwenda zamu.

"Alhamisi Baba anachukuliwa kwenda kituo cha wazee saa tatu, anarudishwa saa kumi na robo. Fundi anakuja saa saba. Natoa vitu, fundi anafanya kazi yake, narudisha vitu. Nimepanga kuvipiga picha, kila kimoja kirudi palepale."

"Mimi sijasikia."

"Si nimekwambia sasa hivi?"

"Ndiyo. Na sijasikia."

"Mama ni wako, Hiroaki."

"Na baba pia ni wangu. Ndiyo maana sijasikia." Akavaa kofia yake ya kiwandani, akaondoka.

*

Alhamisi basi dogo la kituo cha wazee lilikuja saa tatu kamili. Mzee Tokuji alisimama mbele ya piano, akasema "Narudi," kama alivyosema kila siku, akiiambia picha na wala si mkwe wake, akatoka.

Satsuki alipiga picha nne kwa simu. Halafu akamwaga nguo chafu kwenye sakafu ya bafu, akaleta vikapu vyake, akavijaza vikombe, dawa, bili, saa na kinyago, akavipeleka bafuni. Nyumba za manispaa zina vyumba vitatu na mlango wa kuteleza usiofunga vizuri. Mgeni akiingia anaona mpaka vitandani. Bafu ndiyo sehemu pekee ambayo mgeni haoni, na kila mwanamke katika jengo lile, siku ya mgeni, huficha maisha yake bafuni.

Alibaki na sanduku. Alilibeba kwa mikono miwili, na jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba lilikuwa zito. Akaenda nalo mezani, akakumbuka kwamba mezani watu wanakula. Chini hakufikiria hata kidogo. Nani anamweka mama mkwe sakafuni? Chumba cha mzee kilikuwa kimefungwa. Kabati la ukutani lilikuwa na mablanketi ya baridi na dawa ya nondo, na giza, akaona ni kama kumzika bila ruhusa. Akasimama kando ya kitanda chake na Hiroaki, akacheka kidogo, kisha akaogopa kucheka kwake. Alizunguka nyumba mara tatu na Bi Fusae mikononi. Mwisho akaingia bafuni. Beseni kubwa la kuogea lilikuwa limefunikwa kwa kifuniko chake, safi, kipana, kimo cha kiuno. Akakifuta tena, akatandika taulo jipya jeupe, akamweka hapo, akaweka na picha yake mbele na chungwa pembeni.

"Samahani, Mama," alisema. "Ni kwa saa chache tu."

Fundi Nukui alifika saa saba kasoro dakika mbili. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe, soksi zake mpya kwa ajili ya nyumba za watu. Aliiona piano ikiwa tupu, akaachia pumzi.

"Mungu akubariki, mama. Watu hawaelewi. Wiki jana nimekuta tangi la samaki."

"Ukafanyaje?"

"Nikanywa chai. Saa nzima nimesimama, mikono nyuma, naangalia kalenda, wao wanatoa samaki mmoja mmoja." Akafungua mkoba wake wa vifaa. "Bi Fusae hajambo? Sijamwona miaka miwili. Kadi zangu hakujibu, si kawaida yake."

Satsuki alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Alitutoka. Mwaka juzi, Aprili."

Nukui akaweka chini kifaa alichokishika, akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti. Alipoinuka alisema jambo ambalo mtu yeyote mwenye malezi angesema:

"Basi naomba kabla sijaanza, nimwashie udi, hata kijiti kimoja. Yuko upande gani?"

"Hayupo. Yaani... ameshapelekwa."

"Kaburini?"

"Ndiyo. Kaburini."

Futi kumi nyuma ya mgongo wa Satsuki, bomba la bafuni lilikuwa linadondosha maji, tone, kimya, tone.

"Amepumzika," alisema Nukui, akafungua kifuniko cha juu.

Aligonga sauti tano, akakunja uso; akagonga nyingine tano.

"Imeshuka sana. Nikikaza mara moja haitashika, itarudi palepale kabla sijafika stesheni. Nitakaza raundi ya kwanza haraka haraka, halafu ya pili polepole. Nimalize saa kumi na nusu hivi."

"Saa kumi na nusu haiwezekani."

"Haiwezekani kwa nani?"

Satsuki alitazama saa ya simu yake. "Jitahidi tu, fundi."

"Nitajitahidi. Na naomba uzime friji. Ile ngurumo yake inakaa palepale kwenye sauti ninayoitafuta."

*

Siku za mwizi ni arobaini. Satsuki hakupewa hata hizo saa chache. Kituoni mtu mmoja alipatikana na homa, wazee wote wakarudishwa mapema. Saa tisa na nusu kengele ya mlango ililia, na kijana wa kituo akasema, huku akimshika mzee kiwiko, "Leo tumemleta mapema, mama. Samahani kwa usumbufu."

Mzee Tokuji alivua viatu. Alitembea hatua nne kuelekea sebuleni, kofia mkononi, akanyoosha mkono kuitupa alipozoea kuitupa, na mkono ukabaki hewani. Piano ilikuwa wazi. Mbao zake za mbele zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyuzi na vinyundo vyote nje, na mtu ameinama ndani yake.

"Yuko wapi?" alisema mzee.

"Baba, umerudi mapema..."

"Mama Chinatsu. Nimeuliza yuko wapi."

Satsuki akafungua mdomo. Neno "bafuni" lilikuwa pale ulimini, silabi tatu tu, na hakuna nguvu duniani ambayo ingelitoa. Nukui alitazama kalenda ukutani.

Mlango ulifunguliwa tena, Chinatsu akaingia kutoka shule na begi lake mgongoni. "Nimerudi!" Akapita moja kwa moja kwenda kunawa mikono, kama alivyofundishwa. Maji yakafunguliwa, yakafungwa. Kisha kichwa chake kikachungulia.

"Mama, mbona Bibi yuko bafuni?"

Kofia ikamponyoka mzee mkononi.

"Amekaa juu ya beseni," mtoto akaongeza, akidhani hawakumwelewa. "Na nguo zetu chafu."

Mzee Tokuji alikwenda bafuni. Satsuki alisikia hatua zake, akasikia kimya, kisha hatua zikirudi, polepole zaidi. Alikuwa amelikumbatia sanduku kifuani. Taulo jeupe lilining'inia chini yake. Hakumwangalia mkwe wake. Aliangalia ukuta uliokuwa kando ya kichwa cha Satsuki, kama mtu anayezungumza na karani wa dirishani.

"Niitie teksi."

"Baba, nilifuta kwanza. Nilitandika taulo jipya. Sikuona pengine..."

"Teksi."

"Teksi ya kwenda wapi, Baba?"

"Ya kwenda. Nilisema mkimgusa naondoka naye. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Basi. Kwenye nguo chafu! Mwanamke aliyekufulia hata nepi za huyo mtoto, unamweka kwenye nguo chafu!"

Satsuki alilia, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu fundi alikuwa anasikia, na hakujua kati ya hayo mawili lipi lilimliza zaidi. Mtu wa nje alikuwa amedanganywa usoni na sasa uongo umekuja umebebwa mikononi.

Fundi Nukui alikohoa.

"Mzee, unisamehe. Mimi ni mgeni na haya hayanihusu. Ila nyuzi zimekaa nusu. Nikiondoka sasa, nyingine zitavuta nyingine, na hii piano itakuwa mbaya kuliko nilivyoikuta. Nipe saa moja. Teksi zipo hata baada ya saa moja."

"Ni piano ya mke wangu."

"Najua, mzee. Ndiyo maana naomba."

Mzee Tokuji alitafuta mahali pa kuliweka sanduku. Juu ya piano palikuwa wazi kama kinywa. Meza ilikuwa na vikombe. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, na Satsuki, aliyekuwa amezunguka vilevile asubuhi, alimwona akifika pale pale alipofika yeye. Mwisho mzee akavuta kiti, akaketi, akaliweka sanduku magotini, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Saa moja," alisema.

"Na naomba kimya," alisema Nukui. "Samahanini sana. Hata mazungumzo madogo yananipotezea sauti."

*

Hivyo nyumba ya akina Takagaki ikagombana bila kusema neno. Friji limezimwa, Chinatsu amekaa sakafuni amekumbatia magoti, Satsuki amesimama mlangoni pa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, na mzee na mkewe kwenye kiti. Kila mtu alikuwa na la kusema na hakuna aliyeruhusiwa. Fundi aligonga sauti moja, akaigonga tena, akaigonga tena, akikaza msumari wa uzi kidogo kabisa, kiasi cha kupumua. Sauti mbili zilizokuwa zikipigana zilipatana, zikawa moja, akahamia ya pili.

Hasira ni kitu kinachohitaji mdomo. Dakika ishirini za kwanza Mzee Tokuji alipanga maneno, na yalikuwa makali. Atakwenda kwa dada yake huko Mishima. Halafu akakumbuka kwamba dada yake naye yuko kituo cha wazee, cha kulala hukohuko. Dakika ya thelathini mapaja yake yakaanza kufa ganzi. Hakuwa amembeba tangu siku ile walipotoka naye kwenye tanuru. Siku ile hakuhisi kitu, watu walikuwa wengi, na kuna mtu alikuwa akimwelekeza wapi pa kupita. Miaka miwili alimsalimia akiingia na akitoka na hakumgusa. Sasa sauti za chini za piano zilipogongwa, sanduku lilitetemeka kidogo mikononi mwake, na alilishika kwa nguvu zaidi.

Chinatsu alimwona babu yake akifunga macho. Alidhani amelala.

*

Saa kumi na dakika arobaini fundi alifunga vibao vya mbele, akashusha kifuniko cha juu, akakifuta kwa kitambaa laini mpaka taa ikaonekana ndani yake. Satsuki aliwasha friji. Alileta chai na vipande vya keki ya asali.

Halafu akaenda bafuni, akarudi na vikapu vyote viwili, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akamwonyesha simu.

"Baba, nimepiga picha. Tazama. Kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Hata chungwa, lilikuwa linaangalia upande huu. Naomba usiende. Nimekosa mimi, si Hiroaki."

Mzee hakutazama. Aliyetazama ni Nukui, kwa kuwa simu ilikuwa karibu na kikombe chake. Akainama, akavaa miwani.

"Hii ndiyo piano hii?"

"Ndiyo, fundi," alisema Satsuki, naye aibu ikamrudia upya.

"Piano hii hii? Ya Bi Fusae?" Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Mnisamehe. Nimekuja katika nyumba hii miaka ishirini na miwili. Sijapata kukuta hata kijiko juu yake."

"Alikuwa anakutolea vitu," alisema mzee. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya saa moja na zaidi.

"Ndivyo nilivyodhani na mimi, mzee. Mwaka wa kwanza nikamwambia, asante mama, wewe ndiye mteja pekee anayetoa vitu kabla sijafika. Akanicheka. Akasema, fundi, sijatoa kitu, hapa hapakai kitu. Piano si rafu. Kitu kikikaa juu kinalia na nyuzi, nami nakisikia, kinanikera mpaka moyoni. Akasema..." Nukui akasita, akaangalia keki yake.

"Akasema nini?"

"Ni maneno ya mzaha tu, mzee."

"Sema."

"Akasema kuna kofia moja tu. Kila siku inakuja, kila siku naitoa. Tunashindana hivyo, mimi na kofia, na sijui nani atachoka kwanza."

Kofia ya Mzee Tokuji ilikuwa sakafuni kando ya kiti, pale ilipoanguka. Miaka thelathini na nane alirudi kutoka kiwanda cha karatasi, akavua viatu, akaitupa kofia juu ya piano. Na kila asubuhi aliikuta kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuwahi kujiuliza kwa nini ilihamishwa. Alidhani ndivyo nyumba zilivyo.

"Hakuniambia," alisema.

Nukui alikunywa chai yake yote.

Satsuki alikuwa bado amepiga magoti, kinyago chekundu mkononi, kitu cha kwanza cha kurudishwa kwa mujibu wa picha. Mzee alisimama. Magoti yalimkatalia mara ya kwanza, yakakubali ya pili. Akaenda mpaka kwenye piano na sanduku mikononi, akasimama mbele ya ule ubao mweusi uliong'aa. Alilinyanyua sanduku kidogo, kimo cha kuliweka. Akakaa hivyo. Kisha akalishusha tena kifuani.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili nimemweka mahali asipopapenda."

"Baba, hukujua."

"Nilikuwa namwona akiitoa, Satsuki." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Januari. "Namwona kwa macho haya. Nikafikiri anapenda usafi."

Hakulia. Alisimama tu, mzee wa miaka sabini na sita mwenye mzigo asiojua pa kuutua. Satsuki akainuka, akavuta kiti kilichokuwa cha Bi Fusae mezani, ambacho tangu afe kilikuwa kinakaliwa na gazeti, akaondoa gazeti, akaweka mto. Mzee alitazama mto, akamtazama mkwe wake, akamketisha mkewe hapo.

Fundi Nukui aliomba ruhusa ya kuwasha udi. Aliunganisha viganja mbele ya kile kiti, akakaa muda mrefu kuliko ilivyolazimu. Alipokuwa anafunga mkoba wake, Satsuki alimsindikiza mlangoni na bahasha ya malipo, akainama sana.

"Fundi, pale mwanzo nilikudanganya."

"Sikusikia," alisema Nukui. "Sikio langu ni la piano tu."

*

Hiroaki alirudi saa kumi na mbili, na alichelewesha kufungua mlango kwa kadiri alivyoweza. Alitegemea kelele, au mbaya zaidi, mizigo koridoni. Alichosikia ni Chinatsu akipiga wimbo wake wa onyesho, na kwa mara ya kwanza wimbo ule ulifanana na wimbo.

Baba yake alikuwa mezani anakula wali na figili. Kwenye kiti cha jirani, juu ya mto, lilikaa sanduku jeupe. Satsuki alikuwa anapakua mchuzi. Hakuna aliyekuwa anapigana na mtu. Hiroaki hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa akaona afadhali asiulize. Akavua viatu, akaingia, akavua kofia, akaona juu ya piano papana, peusi, patupu, hapana hata risiti. Akaiweka kofia hapo.

Baba yake akaweka chini vijiti vyake vya kulia.

"Toa."

"Nini, Baba?"

"Kofia. Mama yako hapendi."

Hiroaki akamtazama mkewe. Mkewe akatazama mchuzi. Akaitoa kofia.

"Na kesho ukiamka upige simu hekaluni. Uliza Jumapili ipi wana nafasi."

"Lakini... mvua, Baba. Si ulisema Juni kunateleza?"

"Nitamshika vizuri," alisema Mzee Tokuji. "Si mzito sana ukishamzoea."

Chinatsu alikuwa ameacha kupiga. Hiroaki alibaki katikati ya sebule, kofia mkononi, akiangalia meza, kiti, dirisha, mtu mzima katika nyumba aliyozaliwa akitafuta pa kuweka kofia.

"Msumari uko nyuma ya mlango," alisema baba yake, akishika tena vijiti. "Uko hapo tangu hujazaliwa."